Safari Zisizohesabika

Mwezi wa Julai, saa moja na nusu usiku, nilikuwa nazunguka na baiskeli mtaani kwetu Tegeta kama mtu aliyedondosha funguo. Simu niliyoifunga kwenye usukani ilikuwa inasoma kilomita 49.2. Mlango wa chumba changu ulikuwa hatua ishirini kutoka pale, na miguu ilikuwa inatetemeka, lakini sikushuka. Nilipita mbele ya banda la chipsi, nikakata kushoto penye duka la dawa, nikazunguka nyuma ya msikiti, nikatokea tena kwenye chipsi. Mara ya tatu mama muuza chipsi akaacha kikaango chake akaniita.

"Dada, umedondosha kitu?"

"Hapana mama, namalizia."

"Unamalizia nini?"

Namba ikageuka 50.0. Nikashuka palepale mbele ya banda lake, nikabonyeza kitufe cha kuhifadhi safari, nikaisukuma baiskeli hadi mlangoni. Swali lake sikulijibu. Nimekaa nalo mwaka mzima sasa, na kwa kuwa nasoma historia, nimelitafutia jibu mahali ninapojua kutafuta: kwa watu waliotangulia kuzunguka.

Kilichonizungusha usiku ule ni kanuni moja fupi. Kama umewahi kuendesha baiskeli kilomita 20 au zaidi katika siku 20 tofauti, namba yako ni 20. Ili ifike 21, unahitaji siku 21, kila moja ikiwa na angalau kilomita 21. Zile siku ulizoishia kilomita 20, ambazo jana zilikuwa mtaji wako, leo hazina kazi. Namba ndogo huja zenyewe, karibu bure. Kadiri inavyopanda, ndivyo inavyozidi kukataa safari zako za zamani. Waendesha baiskeli wengi duniani huiita namba ya Eddington, na baadhi ya programu za kurekodi safari huweza kukukokotolea bila hata kuombwa.

Nilikutana nayo mwezi wa Aprili, mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili. Kabla ya hapo nilikuwa naendesha tu. Nilikuwa nimenunua baiskeli ya mtumba kutoka Japani mwezi wa Oktoba, na mjomba wangu anayekaa Boko, kaka yake mama, ndiye aliyenifundisha kubadili tyubu, kukaza breki na kupita pembeni ya malori bila kufumba macho. Kila Jumamosi alfajiri tulikuwa tunatoka pamoja kufuata barabara ya Bagamoyo: Bunju, Mapinga, hadi Kerege. Pale Kerege kuna bibi anauza chai ya tangawizi na chapati chini ya mwembe. Tulikuwa tunakaa kwake saa nzima, wakati mwingine saa mbili, kisha tunarudi. Kwenda na kurudi ni kilomita 38 na kidogo.

Siku nilipoifungua hesabu yangu, nilikuwa na safari 71. Kati ya hizo, 26 zilikuwa za Kerege na mjomba. Sita zilikuwa za kilomita 50 au zaidi. Zilizobaki zilikuwa fupi, chini ya kilomita 30. Namba yangu ilikuwa 32. Nikajiwekea lengo: nifike 50 kabla sijakabidhi tasnifu. Nikapiga hesabu haraka. Nilihitaji safari 50 za kilomita 50, ninazo sita, bado 44.

Sikuona wakati ule kwamba kwa mstari mmoja wa hesabu nilikuwa nimezifuta Jumamosi 26.

Arthur Eddington hakuwa mwanamichezo. Alikuwa profesa wa astronomia Cambridge, na mkuu wa kituo cha kutazama nyota cha chuo hicho tangu mwaka 1914. Mwezi Mei 1919 alikwenda kisiwa cha Príncipe, katika ghuba ya Guinea, kupiga picha za nyota wakati wa kupatwa kwa jua. Picha zile, pamoja na zile zilizopigwa Sobral nchini Brazili, ndizo zilizoufanya ulimwengu uamini kwamba mwanga hupinda unapopita karibu na jua kama Einstein alivyosema. Alipenda namba kupita kiasi. Katika miaka yake ya baadaye alidai kwamba anaweza kukokotoa idadi kamili ya protoni zilizomo katika ulimwengu wote, na idadi hiyo nayo inaitwa namba ya Eddington. Kwa hiyo ana namba mbili: moja ya ulimwengu, nyingine ya baiskeli yake.

Ile ya baiskeli tunaijua kwa sababu aliiandika kwenye barua. Mwaka 1938 alimwandikia Subrahmanyan Chandrasekhar, Mhindi aliyekuwa ameshahamia Marekani, akamweleza kwamba namba yake imebaki 75, kwa maili. Pasaka ya mwaka ule, alisema, hakuwa na bahati: safari zake mbili ziliishia maili 74 na robo tatu, na kwa hiyo hazihesabiki. Alikuwa bado anahitaji safari nne ili aruke hadi 76.

Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilicheka, kisha nikapiga hesabu. Kutoka maili 74 na robo tatu hadi maili 76 ni kama kilomita mbili. Kwa mtu aliyekwisha endesha kilomita 120 siku hiyo, hizo ni dakika chache tu. Angezunguka mtaa mmoja mara kadhaa, kama nilivyofanya mimi kwenye chipsi, na safari zile mbili zingehesabika. Hakuzunguka. Aliacha zikapotea, mara mbili katika sikukuu moja. Na baada ya kulalamika kidogo, barua inaendelea kusema kwamba hali ya hewa ilikuwa nzuri ajabu na mandhari ya kupendeza, hasa ya kusini mwa Wales.

Sehemu hiyo ya mwisho niliiruka. Nilikuwa natafuta namba.

Wiki tatu za kwanza zilikuwa tamu. Nilikuwa naendesha kilomita 50 mara mbili kwa wiki, na kila safari ilinipandisha hatua moja: 33, 34, 35. Kufikia katikati ya Mei nilikuwa na 38. Halafu namba ikagota. Niliendesha tena kilomita 50, ikabaki 38. Nikaendesha 54 kwenye mvua ya masika, matope yamenirukia hadi mgongoni, ikabaki 38. Nilidhani programu imeharibika. Haikuwa imeharibika. Zile Jumamosi 26 za Kerege ndizo zilizokuwa zimeibeba namba yangu kutoka chini. Nilikuwa nimesimama juu ya mabega ya mjomba bila kujua. Lakini kila moja ilikuwa na kilomita 38 na kidogo, na kwa hiyo kwenye 39 zote zilianguka kwa pamoja. Ili nitoke 38 kwenda 39 nilihitaji kujenga upya, safari 39 ndefu, na nilikuwa nazo 12.

Hapo ndipo uendeshaji wangu ulipobadilika, na ulibadilika kwa vitu vidogo vidogo. Niliacha kusimama, kwa sababu kusimama kunapoza miguu. Niliacha njia za mchanga zinazoshuka kuelekea baharini, kwa sababu kilomita moja ya mchanga inakula nguvu za kilomita tatu za lami. Nilianza kupenda barabara mbaya za moshi na malori, alimradi ziwe tambarare. Nilianza kutoka saa kumi na moja alfajiri peke yangu, kwa kuwa mjomba ana miaka 61 na mwendo wake ni wa kuongea. Jumamosi ya kwanza nilimwambia nina kazi ya chuo. Ya pili nilimwambia vilevile. Ya tatu hakuuliza.

Siku moja, kilomita ya 47.6, nilipata pancha karibu na Mapinga na pampu sikuwa nayo. Kijana wa bodaboda akanisaidia kuifunga baiskeli nyuma ya bajaji ya mwenzake, tukarudi. Njiani nililia. Dereva alidhani nimefiwa, akanipa pole, na mimi nikapokea pole ile kwa sababu sikuwa na namna ya kumweleza kwamba ninalilia kilomita mbili na pointi nne.

Si kila lengo la umbali linatupa safari fupi. Lipo jingine ambalo halitupi hata mita moja. Mwaka 1911 jarida la Kiingereza la *Cycling* lilianzisha shindano la kuendesha maili 100 kwa siku mara nyingi zaidi katika mwaka mmoja. Mshindi, Mfaransa Marcel Planes, alimaliza mwaka akiwa na jumla ya maili 34,366. Baada ya hapo watu wakaanza kugombania jumla yenyewe. Mwaka 1936 Mwingereza Walter Greaves, mwenye mkono mmoja, alifikisha maili 45,383. Mwaka 1937 Ossie Nicholson wa Australia akapeleka rekodi hadi 62,657.

Kisha akaja Tommy Godwin, kijana kutoka Stoke-on-Trent ambaye alianza kuendesha akiwa mtoto wa kupeleka bidhaa za duka kwa baiskeli. Alianza tarehe 1 Januari 1939. Kwa kanuni ya mwaka, kila maili ni sawa na nyingine. Maili ya mvua, ya jua, ya usiku, ya kwenda kunywa maziwa, zote zinaingia. Kwa hiyo hakuna safari inayotupwa. Kinachotupwa ni kila kitu ambacho si safari: usingizi, kukaa mezani, kusimama na mtu barabarani. Godwin alikuwa hali nyama. Alikula mikate, mayai, jibini na maziwa mengi, na alirudi barabarani. Tarehe 21 Juni, siku yenye mchana mrefu kuliko zote kwao, aliendesha maili 361, yaani kilomita 581. Ni kama kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na bado unabakiwa na safari ya zaidi ya kilomita 100.

Septemba vita ikaanza na taa zikaamriwa kufichwa usiku. Godwin akafunika taa ya baiskeli yake na kuendelea kwenye giza. Tarehe 26 Oktoba aliingia Trafalgar Square, London, akiwa ameivunja rekodi ya Nicholson kukiwa bado na miezi miwili mkononi. Alimaliza mwaka na maili 75,065, wastani wa zaidi ya kilomita 330 kwa siku. Hakushuka. Aliendelea hadi Mei 1940 akatimiza maili 100,000 kwa siku 500. Inasimuliwa kwamba ilimchukua wiki kadhaa kuzoea kutembea tena. Halafu akaingia jeshi la anga.

Rekodi yake ya mwaka ilikaa hadi mwaka 2016, ilipovunjwa na Mmarekani Kurt Searvogel. Mwaka uliofuata Amanda Coker, naye Mmarekani, akaipeleka mbali zaidi: maili 86,573. Sehemu kubwa ya maili hizo aliziendesha ndani ya hifadhi moja karibu na Tampa, Florida, kwenye kinjia cha lami chenye mzunguko wa kama kilomita 11. Hakuna magari, hakuna taa za barabarani, hakuna mlima. Akilala anaamka, anazunguka, tena na tena, mizunguko zaidi ya 30 kwa siku. Simdharau hata kidogo. Mwili uliofanya vile mimi siwezi hata kuufikiria. Lakini ukiziweka ramani hizi mbili pamoja utaona kitu. Godwin alikuwa bado anakwenda mahali. Alikuwa anatoka mji mmoja na kufika mwingine, na watu walikuwa wanamtilia saini kadi zake kama mashahidi. Miaka 77 baadaye lengo lilelile, likiwa limechongwa vizuri zaidi, liliondoa mahali pa kwenda. Hapakuwa na kosa lolote katika hilo. Kanuni iliuliza maili ngapi, haikuuliza wapi.

Nilipoiona ramani ya Coker, ule mduara mmoja mnene uliochorwa juu yake mwenyewe maelfu ya mara, niliitambua. Ilikuwa ni chipsi, duka la dawa, msikiti, chipsi.

Kuna jambo la Godwin ambalo kwetu linaingia ndani zaidi. Alianza mwaka 1939 kwa baiskeli ya kampuni ndogo, lakini katikati ya mwaka alihamia kwenye Raleigh ya Nottingham, yenye gia za Sturmey-Archer zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Kampuni ilipata tangazo zuri. Na Raleigh ndilo jina ambalo wazee wengi wa Afrika Mashariki walijifunza kulitamka kabla ya jina la gari lolote. Babu yangu mzaa mama, kule Shinyanga, alikuwa nayo: nyeusi, nzito, yenye nembo ya kichwa cha ndege mwenye mdomo mrefu. Alibebea pamba kwenda kwenye stoo ya chama cha ushirika, alibebea maziwa, mahindi, mbuzi mara moja. Usiku mmoja alimbeba bibi kwenye keria hadi hospitali ya misheni, uchungu umeshaanza, na mtoto aliyezaliwa asubuhi yake ni huyu mjomba wangu wa Boko.

Hadithi hiyo nilisimuliwa Kerege, chini ya mwembe, kikombe cha pili cha chai. Nyingine kuhusu jinsi babu alivyokuwa anafunga magunia mawili kwa kamba za katani ili yasimyumbishe, pia Kerege. Tasnifu yangu inahusu namna wakulima wa Usukumani walivyofikisha pamba kwenye vyama vya ushirika katika miaka ya 1950 na 1960. Hati ninazosoma zinataja uzito wa pamba, bei yake na makato yake. Pamba inaonekana stoo, imeshafika. Imefikaje, kwa miguu ya nani, kwa siku ngapi, hakuna safu ya kuandikia hilo. Nilikuwa nimeshaandika aya nzima ya kuwalaumu makarani wa kikoloni kwa kuhesabu mzigo na kuacha safari. Niliiandika aya hiyo mwezi wa Juni, katika wiki ambayo nilimdanganya mjomba mara mbili.

Mwezi wa Agosti, nikiwa na safari ndefu 31 na namba ileile ya 38, baiskeli ilikatika mnyororo. Jumapili nikapanda daladala hadi Boko kumwomba mjomba kifaa cha kukatia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama. Mbona umekonda hivyo? Chuo ndicho kinakuchuna?"

Baiskeli yake ilikuwa imeegemezwa ukutani, tairi zote mbili hazina upepo, buibui ameshafunga utando kati ya pedali na fremu. Nikauliza.

"Goti," akasema. "Tangu mwezi wa sita. Daktari amesema nipumzike, nami nimepumzika."

Miezi miwili. Tunakaa vituo vichache vya daladala, na sikuwa na habari. Alikwenda ndani akarudi na kifaa, akaniwekea mkononi, akakaa tena kwenye kiti chake cha plastiki.

"Na ile ya babu yako wameshaiuza."

"Ipi?"

"Raleigh. Kaka aliwaita watu wa vyuma chakavu, walikuwa wanapita kijijini. Imekwenda pamoja na majembe mabovu na sufuria zilizotoboka. Kwa kilo."

Nilikuwa nimeiona mara moja tu nikiwa mtoto, imening'inizwa kwenye boriti ya ghala. Nilikuwa nimepanga kwenda kuipiga picha wakati wa utafiti wangu Desemba: fremu, keria iliyoongezwa chuma na fundi wa kijijini, mahali kamba zilipokwangua rangi. Ilikuwa ndiyo hati yangu pekee ambayo haikuandikwa na karani. Na sasa ilikuwa imepimwa, mara ya kwanza na ya mwisho katika maisha yake, na kipimo kilikuwa kilo.

"Mjomba, mbona hukuniambia?"

"Nilitaka nikuambie Jumamosi."

Hakusema Jumamosi ipi, na hakusema kwa ubaya. Kwake yeye hilo halikuwa jambo la kupigia simu. Baiskeli mbovu imeuzwa, basi. Ni habari ya kusimuliwa kwenye chai. Mahali pa kuisimulia palikuwepo kila wiki, na mimi nilikuwa nimepaondoa kwa sababu pako kilomita 19 kutoka nyumbani badala ya 25.

Baada ya siku hiyo niliirudia habari ya barua ya Eddington, taratibu safari hii, nikamtazama zaidi aliyeandikiwa. Chandrasekhar alifika Cambridge mwaka 1930 akiwa kijana wa miaka 19 kutoka Madras. Alikuwa amegundua kwamba nyota iliyokwisha kuungua haiwezi kubaki kibete nyeupe kama uzito wake unapita kiwango fulani, karibu mara moja na nusu ya jua. Eddington alikuwa akipita kwake mara kwa mara kuulizia kazi inaendeleaje. Kisha Januari 1935, katika mkutano wa Royal Astronomical Society mjini London, Chandrasekhar alipomaliza kusoma matokeo yake, Eddington alisimama akayafanyia mzaha mbele ya watu wote, na watu wakacheka. Mzee alikuwa amekosea na kijana alikuwa sahihi. Mwaka 1983 alipewa tuzo ya Nobel. Lakini ile siku ilimfanya aachane na utafiti huo kwa miaka mingi.

Miaka mitatu baada ya kumwaibisha, ndiye huyohuyo Eddington anayemwandikia kuhusu baiskeli. Sisemi barua inafuta kosa. Haifuti, na nisingependa mwanafunzi wa historia aseme hivyo. Ninachokiona ni kwamba namba ile haikuwa ya siri. Aliihesabu kwa miaka, ilimuuma ilipogoma, na aliichukua akaiweka ndani ya barua kwa mtu, pamoja na hali ya hewa na mandhari ya Wales. Zile safari mbili za maili 74 na robo tatu hazikuingia kwenye namba, lakini ziliingia kwenye barua, na ndiyo maana leo tunazijua. Safari zake nyingi zilizohesabika mimi sijui hata zilielekea wapi.

Alifariki mwaka 1944 namba yake ikiwa 84. Godwin naye, baada ya vita, alitaka kurudi kwenye mashindano ya ridhaa akakataliwa kwa kuwa alishalipwa kuendesha. Akaishia kufundisha vijana wa klabu ya kwao. Alifariki mwaka 1975, akiwa na miaka 63, akiwa njiani kurudi kutoka matembezi ya baiskeli pamoja na marafiki zake, kwenye ngome ya Tutbury. Hiyo ilikuwa safari ya kawaida ya kwenda mahali na kurudi, bila kadi wala mashahidi.

Lengo langu sikuliacha, na sitajifanya nimeongoka. Nilifika 39 mwezi wa Septemba, na baada ya hapo kila safari ndefu ikawa inanipandisha hatua moja kama mwanzo. Leo nina 46. Zile kilomita 50 zimenifundisha mambo ambayo Kerege haikunifundisha: kwamba naweza kupita pale ambapo mwili unasema basi, kwamba hofu ya malori huisha, kwamba alfajiri ya Bagamoyo, ukifika na jua halijatoka, mji wote ni wa wavuvi na wako. Nisingefika huko bila namba. Ila sasa sizunguki tena mtaani. Nikifika mlangoni na 49.2, nashuka. Mama wa chipsi ameshanizoea. Ananiuliza nimetoka wapi, nami namwambia.

Aya ile ya kuwalaumu makarani nimeibakiza kwenye tasnifu, lakini nimeipunguza ukali. Chini yake nimeandika kuhusu Raleigh ambayo sikuipiga picha, kwa maneno ya mjomba, niliyoyarekodi barazani kwake Boko kwa Jumapili nne mfululizo. Alikumbuka hadi rangi ya kamba. Alikumbuka pia kwamba kutoka nyumbani hadi stoo ya ushirika babu alikuwa anasimama mara tatu, kila mahali kwa mtu anayemfahamu, na kwamba safari ya saa mbili ilikuwa inachukua siku nzima. Nilimuuliza ni kilomita ngapi. Akafikiri, akasema hajui, hakuna aliyewahi kuuliza.

Goti lake linaendelea vizuri. Wiki iliyopita alijaza upepo mwenyewe. Jumamosi hii tunajaribu hadi Bunju tu, kunywa chai na kurudi. Kama halitavimba, mwezi ujao tutaona habari ya Kerege.